Jina la Mbele ya Jipu

Wiki hii, katika gereji moja ya mtaa wa Rwambuzi, nilimkuta fundi akifunga alama ya kiwanda maarufu cha Japani mbele ya gari aina ya jipu alilolichomelea mwenyewe kwa mabati, juu ya fremu ya gari kuukuu. Mwenye jipu, mama anayeuza maharage, alimshika mkono.

"Toa hiyo."

"Mama, bila alama watu watasema ni mabati tu."

"Freni ikikatika kwa njia ya Bogoro na motoka ikatae kusimama, mwenye hiyo alama iko wapi?"

"Iko Japon."

"Na weye?"

"Miye niko hapa karibu, Saio, mama. Nyumba unaijua."

"Basi andika jina yako."

Fundi alifungua alama, akachovya brashi katika rangi, akaiinua. Ikakaa hewani kidogo, kisha akaishusha.

"Mama, niachie motoka mpaka kesho. Nitaangalia tena freni."

Nimesikia watu wakibishana kama gari la kuiga lina haki ya kuvaa jina la kiwanda. Niliona tu kwamba chini ya jina la Mjapani breki zilikuwa tayari, na chini ya jina la fundi zilikuwa bado.