Kasoki na Kamyoneti ya Mazutu

Kasoki alizaliwa Butembo, akaolewa Goma na Habarurema, mtu wa milima ya Masisi. Walijenga mtaa wa Katoyi, huko huko Goma, wakapata binti mmoja, Valérie, na Valérie alipokuwa msichana mkubwa walinunua kamyoneti ndogo ya esanse, yaani petroli, ya kubebea viazi kutoka Rutshuru. Habarurema aliipenda. Ilikuwa nyepesi, hata asubuhi ya baridi iliwaka mara moja, na mlimani haikumwaibisha dereva. Ila ilikunywa sana. Rutshuru iliiweza, Butembo ilikuwa mbali mno kwa tangi lake.

Na Butembo ndiko alikokuwa mama yake Kasoki. Hawakuwa wameonana tangu Valérie abatizwe. Kasoki akisikia mtu asiyemjua anasema Kinande, lugha ya kwao, sokoni, aliacha mizani ya viazi, akageuka kumtazama.

Halafu esanse ikaanza kukosekana Goma; mazutu tu, yaani dizeli, ndiyo iliyopatikana. Magari yakalala kwenye foleni mbele ya pampu kavu. Siku hizo hizo dereva mmoja wa lori akamletea Kasoki salamu: macho ya mama yake yalikuwa yanaenda, naye alitaka kumwona binti yake kabla hayajazimika.

"Papa Valérie, tubadilishe hii gari," Kasoki alimwambia mume wake. "Muzee Barthélemy wa Himbi anataka kutoa ile yake ya mazutu, yeye anatafuta nyepesi ya hapa mujini."

"Ile? Inapanda mulima kama ng'ombe mwenye mimba!"

"Inapanda polepole, lakini inakunywa kidogo. Na mazutu, hata ku mashini za kukoboa kahawa njiani tutaipata. Esanse tutaikuta wapi kisha kupita Rwindi?"

Habarurema alipapasa boneti ya gari lake. "Unataka kweli kufika?"

"Nataka kumuona mama."

Kesho yake aliipeleka Himbi mwenyewe, akarudi na ile ya mazutu.

Walisafiri wote watatu. Katika kupanda mlima wa Kabasha motere ilinguruma, gari likatambaa hata watu wenye mizigo mgongoni wakawa wanatembea sambamba nalo. Habarurema aliuma midomo. Kasoki aliikodolea macho sindano ya kipimo cha mafuta. Ilikuwa haijashuka hata nusu.

Walipofika Butembo, mama yake Kasoki alikuwa ameketi mlangoni. Alimvuta Kasoki kwenye mwanga, akamshika mashavu.

"Umekonda," alisema, "ao ni macho yangu?"

Kasoki alimwomba waende wote Goma. Mama yake akakataa. "Kwenu udongo ni mawe meusi. Nitalima wapi? Na kaburi ya baba yako nitaachia nani?"

Hapo Valérie, aliyekuwa akimenya ndizi, akasema, "Mama, mimi nitabaki na yeye. Nitakuwa namushika mukono."

Hakuna aliyemkatalia. Kasoki alitamani kukataa, akachukua ndizi, akamenya pamoja naye.

Siku ya kurudi, baada ya kupita Lubero, machozi yalimshinda.

"Si umemuona?" Habarurema aliuliza.

"Nilienda na hamu ya mutu mumoja. Narudia na ya watu wawili."

Mume wake akasimamisha gari kando ya njia, akamngoja hadi akanyamaza.

Bibi alipofariki, Valérie alikuwa ameolewa huko huko. Alibaki Butembo na watoto wake, na kila baada ya mavuno ya maharagwe Kasoki aliwafuata, akakaa nao kidogo, kisha akarudi Goma akiwataja njia nzima.