Kobe Aliyekonda Ghafla

Siku hizi mizani yangu inasema kweli, na wa kushukuriwa ni kobe wangu, Bi Tausi.

Nauza maharage Kariakoo. Kila Ijumaa nampima Bi Tausi kwa mizani ya dukani, nijue afya yake. Ijumaa iliyopita aligoma kula mchicha, nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Akampima: kilo mbili na nusu.

“Daktari, anakufa!” nililia kama mfiwa mbele ya foleni nzima. “Asubuhi nimempima dukani kwangu, kilo tatu kamili!”

Daktari akamkagua. “Mzima kabisa huyu.”

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Ndipo nyuma yangu Mama Zuhura, mteja wangu, aliyemleta paka wake, akaniuliza taratibu: “Baba Salum, na maharage yangu ya jana ulipima kwa mizani hiyohiyo?”