Tairi zangu kuliwa ndani kulivyochelewesha barua ya posa Igombe

Habari za jukwaani wakuu.

Nimekuta vijana humu wanalalamika tairi za mbele zinaisha upande mmoja, na kila anayejibu anasema nunua mpya. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Ngoja niwape kisa changu. Sitaongeza chumvi, maana shahidi amekaa hapa pembeni anasoma kila ninachoandika.

Ilikuwa miaka ya tisini. Biashara imefunguliwa, magari ya mtumba kutoka Japani yanamwagika Mwanza. Mimi fundi umeme kwenye kiwanda kimoja Nyakato, kijana, nina Corolla nyeupe na kichwa kimevimba kweli kweli.

Nikaona haitoshi. Nikaipeleka Mabatini kwa rafiki yangu Fundi Charles, tukakata springi zote nne, gari likalala chini. Nikipita, wenye maduka wanatoka nje kutazama. Wakuu, raha yake siwezi kuieleza!

Miezi miwili haijaisha, tairi za mbele zikaanza kuisha. Kwa nje meno yapo, kwa ndani kipara.

Charles akasema ni upepo. Tukaongeza upepo. Akasema za nyuma ziende mbele. Sasa nikawa na tairi nne zenye vipara badala ya mbili.

Kipindi hicho hicho ndipo nilipokuwa nimependana na Vero, binti wa Mzee Majura, fundi wa mitumbwi kule Igombe. Tulishakubaliana, ilibaki barua. Na ilibidi niwahi, maana tulisikia kuna mwalimu mmoja wa Musoma naye anajipanga.

Mnajua desturi. Barua inapelekwa na mshenga, muoaji anabaki kwake anatetemeka. Lakini mshenga wangu, Baba Neema wa pale kiwandani, hakujua kuendesha. Na mimi, tuseme ukweli, nilitaka Igombe yote ione gari.

Nikajifanya dereva. Nimfikishe, nikae ndani ya gari, nisishuke.

Tulifika mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mzee alikuwa ufukweni anaunganisha mbao za mtumbwi. Baba Neema akaanza maneno yake mazuri, akatoa barua. Mzee akaipokea bila kuifungua. Macho yake yalikuwa kwenye tairi zangu.

Akaja mpaka dirishani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, dereva. Tairi hizi mmezifanyaje?"

"Tumeongeza upepo, mzee."

Akanishusha. Akaleta kamba yake ya kunyooshea mitumbwi, ya nyuzi za nyavu, mwishoni ina risasi ya wavu, kile kizito cha kuzamishia nyavu. Akanishikisha ncha moja kwenye tairi la nyuma, yeye akaivuta mpaka mbele. Kamba ikagusa ukingo wa mbele wa tairi, ukingo wa nyuma ikabaki nafasi ya kidole. Kisha akaining'iniza wima kwenye rimu. Chini ikagusa, juu kiberiti kizima kikapita.

Mimi nimepiga magoti kwenye mchanga na suruali yangu ya pasi, mbele ya mtu ambaye kwa desturi sikutakiwa hata kumtazama usoni.

"Dereva," akasema, "kamwambie mwenye gari miguu yake imefunguka kama ya bata, na kwa juu imelala ndani. Mtumbwi ukiwa hivi nauvunja. Halafu muulize: kitu chake kinaliwa kila siku mbele ya macho yake, yeye anaongeza upepo. Mwanangu akikonda, ataongeza nini?"

Baba Neema akakohoa. Mimi nikatamani mchanga unimeze.

Mzee akaifunga barua kwa kipande cha ile kamba, akaitundika kwenye msumari kibandani kwake. Akasema mwezi mmoja. Dereva arudi na gari hili hili. Tairi zikiliwa sawasawa, barua itasomwa.

Vero alikuwa anachungulia jikoni. (Anasema alikuwa anacheka. Mimi nakumbuka alilia. Tuyaache.)

Nilirudi mjini nimenuna, nikamsema mzee wa watu njia nzima. Kesho yake nikanunua kamba ya nyavu, nikaenda kwa Charles.

Hapo ndipo tulipoelewa. Ukishusha gari, mikono inayoshika tairi inabadilisha mlalo, tairi linaegemea ndani na mguu unafunguka. Upepo hauhusiki hata kidogo.

Charles akataka turudishe springi ndefu. Nikakataa, ubishoo haukuwa umeniisha. Basi tukachonga kwa tupa tundu la bolti pale shokapu inaposhikana na kikombe cha tairi, kile chuma kinachobeba tairi, tukalisukuma tairi nje kwa juu mpaka likasimama, tukakaza. Tulichonga kidogo kidogo, maana ukizidisha umeharibu.

Kosa letu jingine: tulianza kufunga miguu kwa tairodi, vile vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi, tukamaliza tunajipongeza, ndipo tukaja kusimamisha tairi. Miguu ikafunguka upya! Wakuu, kwanza simamisha, ndipo ufunge miguu. Jumamosi tatu ziliishia hapo.

Nikanunua tairi mbili za mtumba zenye meno sawa, nikaziweka mbele. Sasa tairi linaloliwa sawasawa huchukua muda kuonekana limeliwa, na siku zinakwisha. Ikabidi nizunguke ili ziliwe. Kila nikipata nafasi navuka na pantoni Busisi kwenda nyumbani Sengerema, gari likikwangua tumbo kwenye kupanda, mpaka mama akaniuliza kwa upole kama nimefukuzwa kazi.

Siku ikafika. Nikapaki pale pale, Baba Neema akashuka. Injini sikuizima kwa woga, nikifukuzwa niondoke upesi.

Mzee akapitisha kiganja juu ya tairi, ndani, kati, nje. Akarudia. Akavuta kamba, ikagusa kila mahali. Akaleta kiberiti, kikakataa kupita.

Akaenda kibandani, akafungua barua, akamwita Vero aisome kwa sababu hakuwa na miwani. Vero akaisoma yote, mpaka jina langu mwishoni.

"Huyu aliyeandika simjui," Mzee akasema. Nikashika gia.

Akanigeukia. "Ila dereva wake namjua. Mkwe, zima gari, uingie ndani."

Nilizima, nikashuka, nikasahau kufunga mlango. Nilikuwa nacheka kama mjinga na machozi yananitoka.

Nilichojifunza ni hiki: kitu kikiliwa upande, usikimbilie kubadilisha kinacholiwa. Pima kwanza kimekaaje. Na ukilishusha gari lako, lipeleke alignment, yaani likapimwe mkao wa tairi, siku hiyo hiyo, siku hizi mashine zipo, hamhitaji baba mkwe.

Haya wakuu, waliowahi kushusha magari semeni yaliyowakuta. Walimu wa Musoma mnakaribishwa pia, hatuna kinyongo.

Vero anasema niongeze kwamba hajakonda.