Leo USB imefunguka, mama amecheza na baba

Leo mama amemuona baba akicheza!

Mutulie, niwaelezee.

Baba alikufa wakati wa vita. Picha zake zote ziliungua na nyumba.

Leo mujomba ametuletea USB kutoka Kampene: njo video ya ndoa yao.

Ninaichomeka kwa ordinatere, kompyuta yangu ya Linux. Hakuna kitu.

Mama ananiuliza polepole: "Imekufa?"

"Hapana, mama. USB iko muzima."

Kumbe kerneli, njo moyo wa sistemi, ilijengwa bila sehemu ya kusoma USB. Nikaiweka hiyo sehemu, nikaijenga kerneli upya, nikawasha mashine.

IKAFUNGUKA!

Mama akapiga vigelegele, akasimama kucheza na baba wa kwenye video, mbele ya ekra ya mashine.

"Angalia ile miguu! Siku ile alinikanyaga tu!"

Wenye baba zenu hawakujua kucheza, muandike hapa chini 😂