Kokoto Mfukoni mwa Fundi Saa

Fundi Saa hufunga duka lake wiki sita kila majira ya machipuko. Mlangoni hubandika karatasi: "Nipo mlimani. Saa yako haijapotea." Wateja wamezoea. Ndani ya chumba hicho, ambacho upana wake hauzidi wa kitanda, saa za ukutani thelathini na ushei huendelea kubishana juu ya dakika. Mwenyewe huwa amekaa kwenye kiti cha turubai juu ya ukingo wa mlima, darubini shingoni, akihesabu ndege mbuai wanaorudi makwao kuzaliana: mwewe, tai, vipanga na shakivale.

Kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na minane. Mkewe huwaambia majirani kwamba yeye ni mke wa pili, na kwamba mke mkubwa ana mabawa.

Mwaka huu kiti kiliingia mashakani. Miezi mitano kabla ya msimu Fundi alipasuliwa mtoto wa jicho, jicho la kushoto, na habari zikafika ofisi ya hifadhi ya ndege, inayopokea hesabu zake, kabla bandeji haijatoka. Ofisi haikumfukuza. Ilimwandikia barua ya adabu: siku moja ahesabu sambamba na mtu wa pili, kila mmoja na karatasi yake. Hesabu zikipishana kwa zaidi ya watano katika kila mia, kiti kitachukuliwa na huyo wa pili.

Wa pili alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, karani wa ghala la nafaka. Miaka mitatu nyuma Fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kumjua mwewe kwa mkia.

"Shemeji, umekuja kuniondoa?" Fundi alimuuliza asubuhi ya jaribio.

"Nimekuja kuhesabu. Ukianguka kitini nitakuokota, ndiyo undugu."

"Na ukianguka wewe?"

"Mimi nimehesabu magunia miaka kumi na moja. Gunia halinichanganyi, sembuse kuku wa juu."

Msimamizi kutoka ofisini, mwanamume mpole mwenye kofia pana, aliwakalisha hatua ishirini mbali, asije mmoja akachungulia. Sheria wote walizijua. Ndege wakipaa kwa kuzunguka kwenye hewa ya moto, hahesabiwi hata mmoja mpaka atoke kwenye mzunguko na kuvuka mstari kati ya jabali jeusi na mnara wa simu. Kila anayevuka hubonyezwa kwenye kihesabio cha mkononi. Lakini kihesabio huenda mbele tu. Kwa hiyo upepo ukiwarudisha waliokwisha vuka, mhesabuji huokota kokoto moja kwa kila ndege kumi na kuitia mfukoni. Kila baada ya saa moja huzitoa, huzihesabu, hupunguza, kisha huzitupa.

Asubuhi mambo yalikwenda kama maji mtelemkoni. Upepo ulitulia na hakurudi ndege. Saa sita hali ya hewa ikageuka. Fundi akavaa koti lake zito kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, na alipofunga kifungo cha mwisho, bonde likatema mwewe. Walipanda kwa mamia, wakizunguka kama majani ndani ya chungu kinachochemka, wakamwagika kuelekea mnara. Kidole gumba kilibonyeza mpaka kikafa ganzi. Wengine walivuka, wakasukumwa, wakarudi. Fundi aliinama, akaokota, akatia mfukoni bila kuondoa jicho kwenye darubini.

Saa saba alikung'uta mfuko. Kokoto ishirini na nne. Yaani ndege mia mbili na arobaini walirudi? Alizitazama muda mrefu. Mkono wake ulikumbuka kuinama mara tatu, labda nne. Lakini tangu apasuliwe alikuwa hajiamini, na mtu asiyejiamini huliamini hata jiwe. Akapunguza mia mbili na arobaini, akaziacha kokoto chini ya kiti.

Saa kumi na moja jioni msimamizi alikusanya karatasi. Fundi: elfu moja mia nane arobaini na sita. Shemeji: elfu mbili tisini na mmoja.

"Mmepishana mia mbili arobaini na watano," alisema msimamizi. "Zaidi ya kumi na mmoja kwa mia. Pole, mzee."

Fundi alivua darubini, akaifunga kamba taratibu. "Barua ilisema hivyo. Chukua kiti, shemeji. Turubai limepasuka upande wa kulia, usiegemee."

Shemeji hakukaa. Alizichukua karatasi zote mbili, akapitisha kidole saa baada ya saa kama mtu anayekagua shehena. "Tumekaribiana kote isipokuwa saa moja. Wewe ulipunguza ngapi saa saba?"

"Mia mbili na arobaini."

"Mimi thelathini. Upepo ulikuwa wako peke yako?" Alichutama chini ya kiti, akaanza kuzigeuza kokoto. Tatu zilikuwa za kijivu, zimejaa vumbi la ukingo. Ishirini na moja ziling'aa. Akainusa moja, akamsogezea Fundi puani. "Sabuni hii."

Fundi alinusa mara mbili, akatoa simu, akaweka sauti kubwa. "Mke wangu, koti langu la mlimani ulilifua?"

"Baada ya msimu kwisha. Lilikuwa linasimama lenyewe."

"Mfukoni mlikuwa na nini?"

"Mawe yako ya siku ya mwisho, uliyosahau kuyatupa. Nikayaosha pamoja na koti, nikayarudisha yote. Mara ile nilitupa skrubu moja ya saa, ukanuna wiki nzima. Mawe ningeyatupa ili uhame nyumba?"

Msimamizi aligeukia mnara ili acheke kwa heshima. Kisha akahesabu: kokoto ishirini na moja, ndege mia mbili na kumi. Akawarudisha kwenye karatasi ya Fundi. Elfu mbili hamsini na sita. Tofauti ikabaki thelathini na watano, hata wawili kwa mia haifiki. Akatia sahihi chini ya jina la mwenye kiti yuleyule.

"Hao thelathini na watano ni wa kwako, shemeji," alisema Fundi. "Gunia limevuja."

"Jicho lako la kushoto ndilo limevuja. Kaa chini kabla sijabadili mawazo."

Simu ilikuwa bado haijakatwa. "Kwani kuna nini?" aliuliza mkewe.

"Dada, kiti amebaki nacho," shemeji aliinamia simu. "Mawe yako yalitaka kumrudisha dukani."



"Angerudi dukani leo hii? Na nyumbani angefika mapema?"

"Kila siku."

"Hebu ona," alisema mkewe. "Ningejua, nisingepokea simu."