Maturubai ya Maafa Yalionekana Siku ya Msiba

Admin, nifichie jina, hata kijiji usikitaje. Kwetu wengi wanafuatilia ukurasa huu.

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nasoma sekondari, nyumbani ni huku juu Ufipa, upande wa Laela. Ni mwoga wa kuongea. Nyumbani tunaongea Kifipa, shuleni Kiswahili, na kote huko mimi nanyamaza. Ndiyo maana naandika. Baba yangu ni mwenyekiti wa kijiji.

Miaka ya nyuma upepo uliezua nyumba, halmashauri ikaleta maturubai. Yaliyobaki yakafungiwa stoo ya ofisi ya kijiji, kwamba ni ya maafa. Yakakaa. Ikifika kuvuna ulezi, watu wakawa wanamjia baba kuazima ya kuanikia. Bibi wa rafiki yangu, huyo rafiki nitamwita Neema, ndiye alikuwa anatuchekesha. Baba anamwamkia, yeye anajibu, "Marahaba mwanangu. Haya, nipe turubai langu."

"Mama, hayo ni ya maafa."

"Na mvua ikinikutia ulezi nje, hiyo ni harusi?"

Wanacheka, baba anamwita baba yake Neema, ambaye ni mtoto wa bibi na ndiye mlinzi wa ofisi, afungue stoo. Hakuna aliyeona ubaya. Bibi alikuwa anarudisha lake limekunjwa vizuri. Wengi walisahau, na sisi tukiwemo. Letu lilifunika mahindi ndani, maana bati zetu zinavuja.

Msimu huu wa mvua upepo ukarudi. Ukaezua nyumba kadhaa, ya bibi ikiwemo. Stoo ilipofunguliwa yalikuwepo mawili tu, yametobolewa na panya. Baba akatangaza baada ya misa, kila mwenye turubai arudishe. Hakurudisha mtu. Nikamwambia mama kwa sauti ya chini tupeleke letu. Akasema, "Waanze wao. Mahindi yakiota utakula nini, utakula huruma?" Baba alikuwepo. Akaendelea kuvua viatu.

Bibi alilala kwenye darasa la shule ya msingi, madirisha hayana vioo. Baridi ya kwetu wanaoijua wanaijua. Maji yalikuwa yanaingia mpaka kwenye mkeka wake. Nilimpelekea uji, akanishika mkono, akaniambia kwa Kifipa kwamba mikono yangu ina joto, nikae kidogo. Nikakaa. Kichomi kikamchukua kabla wiki haijaisha.

Siku ya msiba mvua ikanyesha tena, waombolezaji wako nje. Watu wakakimbilia makwao, mmoja mmoja, wakarudi na maturubai. Yote rangi moja, yote na ile alama ya maafa. Mama naye akaja na letu. Yakaunganishwa kwa kamba, uwanja wote ukawa mkavu. Tukakaa chini yake, hakuna anayemtazama mwenzie. Neema akaangalia juu muda mrefu, halafu akaniuliza, "Kumbe yalikuwepo?"

Nikainama.

Baada ya mazishi kila mtu alifungua lake akaondoka nalo.

Sasa wakubwa kutoka wilayani wanakuja kukagua mali za kijiji, na kutakuwa na mkutano wa hadhara. Nimewasikia baba na wajumbe sebuleni kwetu. Baba alisema, "Mlinzi ndiye alikuwa na funguo. Tuseme hivyo, yaishe." Mjumbe mmoja akasema, "Jamani, mwenzetu ametoka kuzika mama yake juzi." Baba akamjibu, "Basi nenda karudishe la kwako kwanza." Hakuna aliyeinuka.

Nampenda baba yangu. Si mtu mbaya, ameogopa tu, kama mimi. Nikisema, ataondolewa uenyekiti, pengine na polisi apelekwe, na kijiji kizima kitanichukia kwa sababu kila nyumba ina lake. Nikinyamaza, atakayepelekwa ni baba yake Neema, ambaye mama yake alikuwa anarudisha.

Neema hajui lolote. Ameniomba siku ya mkutano nikae karibu yake ili asilie peke yake. Ninyi mnaoweza kusimama mbele za watu, niambieni nianzie wapi. Au nimwambie baba kwanza? Nitamwangaliaje?

Naandika hii mvua inanyesha. Mahindi yetu ni makavu kabisa.