Gari Lililopinduka Nje ya Kompyuta

Saa mbili asubuhi gari linapinduka. Hakuna vumbi wala kelele. Mwanamke mwenye miwani anapuliza chai yake, anabonyeza kitufe, na gari linasimama tena barabarani kana kwamba hakuna lililotokea.

"Humu ndani ajali haina matanga," anasema. Hacheki.

Kazi yake ni kulijaribu gari kabla jeshi halijalinunua. Huliunda ndani ya kompyuta, kwa uzito na kimo chake, kisha hulipitisha kwenye matope, makorongo na kona kali mpaka ajue linafaa au halifai. Wenzake wanamwita Mama Kona. Kununua kwanza ndipo ujaribu, anasema, ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Miaka minne iliyopita alilijaribu gari la kubebea askari, likafaulu kila kona. Jeshi likanunua arobaini. Mdogo wake wa mwisho, dereva jeshini, akakabidhiwa mojawapo.

"Nilimtambia nyumbani, mbele ya mama," anakumbuka. "Nikamwambia, hili hata ukisinzia halianguki. Mdomo huu!"

Alikosea jambo dogo, na ndilo linalomuuma. Kwenye kompyuta mzigo aliupakia ndani ya gari, kama karatasi za muuzaji zilivyoeleza. Askari walio safarini hawapakii hivyo. Ndani hukaa watu. Madumu ya maji, mahema, magodoro na kuni hupanda juu ya paa. Ofisini hakuna aliyewahi kusafiri nao, na hakuna aliyeuliza.

Gari lilianguka kwenye kona ya kawaida tu. Askari mmoja alifariki. Mdogo wake alivunjika nyonga, na kambini ikasemwa ni uzembe wake.

Mama Kona alirudia jaribio, safari hii mzigo ukiwa juu. Gari halikumaliza hata kona ya kwanza. Wakubwa waliyakubali majibu hayo, lakini udereva mdogo wake hakurudishiwa. Sasa anagawa sare stoo, na mkongojo wake kando.

"Ungeniuliza tu, dada," alimwambia siku aliyotoka hospitali. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Tangu siku ile, mpaka juzi, hawakuzungumzia magari. Wanakula meza moja, wanaongea habari za mvua na dawa za mama yao. "Afadhali angenitukana," anasema Mama Kona, na anavua miwani.

Mwezi ujao jeshi linachagua magari mapya. Safari hii amegoma kuanza majaribio mpaka dereva aliyewahi kupakia mzigo juu ya paa aketi kando yake. Wakubwa wamemruhusu amchague mwenyewe. Kwa siku kadhaa alisitasita kulisema. Juzi, wakiosha vyombo, akamwomba mdogo wake.

Kijana aliifuta sahani mpaka ikakauka kabisa.

"Nitakuja," akasema. "Ila pale getini, dada, usiseme umemleta mdogo wako. Sema dereva amefika."